Siku Niliyoambiwa Nifue

Harufu ya ziwa ilitupokea siku mbili kabla hatujaliona ziwa lenyewe. Sisi watu wa juu, wa Ufipa penye upepo, tumezoea harufu kavu: vumbi la mahindi yanayopukuchuliwa, moshi wa magunzi, sweta la sufu linaloanikwa karibu na moto. Lakini pale ukingoni, mahali ambapo nchi yetu inakatika ghafla na kuanza kuteremka, hewa ya vuguvugu ilipanda kutoka bondeni na kunigonga usoni, imebeba majani yanayooza, matope, maua nisiyoyajua na, kwa mbali sana, samaki wa moshi. Nilivua sweta. Baba hakuvua koti lake. Alisimama akaangalia chini kwenye ule msitu uliofuata mto hadi pasipofika macho, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaniambia nishike vizuri mzigo wangu. Mzigo ule ndio uliokuwa ukinikosesha raha tangu tulipotoka nyumbani Sumbawanga, na uzito wake haukuwa sababu.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa katekista, mtu wa kofia nyeusi ya Jumapili na maneno machache, na neno lake akishalitamka lilikaa palepale kama jiwe la kusagia. Miaka mitatu kabla ya safari hiyo dada yangu Yustina, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, alikuwa ameolewa na Ramadhani, kijana aliyekuwa akileta magunia ya dagaa sokoni Majengo kutoka visiwani. Kusema ameolewa ni heshima ya leo. Wakati ule Baba alisema ametoroka. Hakugombana kwa sauti. Alisema tu mbele ya jamaa wote kwamba miguu yake haitakanyaga mchanga wa ziwa lile, akarudi kwenye kitabu chake cha sala, na jina la Yustina likawa halitajwi mezani. Nilitaja mara moja kwa kusahau, nikaona mama ameinamisha kichwa kwenye sahani, nikajifunza. Usiku wa mwezi wa sita, baridi ya Ufipa inapoingia hadi kwenye mifupa, nililala peke yangu kwenye kitanda tulichokuwa tukilala wawili, na mgongo wangu ukamkumbuka zaidi kuliko kichwa.

Kisha ikaja barua. Iliandikwa kwenye karatasi iliyokatwa daftarini, ilinuka dagaa, na ililetwa na mchuuzi mmoja aliyemwekea mama chini ya mtungi wa maji kana kwamba ni bangi. Yustina alikuwa na mimba, amebakiza mwezi. Mama alimsomea Baba barua yote bila kuruka neno. Jioni Baba akatoa hukumu yake. "Nakwenda kumchukua," alisema. "Mjukuu wangu wa kwanza hatazaliwa kwenye mchanga kama yai la mamba." Mama alikuwa ameteguka mguu wakati wa kuvuna maharage, hawezi kuteremka mlima. Baba akasema nitakwenda mimi, kwa kuwa Yustina akiniona hataweza kukataa kurudi. Kwa maneno mengine nilikuwa chambo, na sikuona vibaya hata kidogo. Nilimtaka dada yangu arudi kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani.

Lakini asubuhi ya kuondoka mama aliniita jikoni. Alikuwa amefunga furushi la unga wa kimea cha ulezi, wa kumpikia mzazi uji, na katikati ya furushi, ndani kabisa, aliweka mbeleko. Niliitambua kabla hajaikunja. Ilikuwa kitenge cha buluu kilichochujuka hadi kukaribia weupe, na upande mmoja kina kiraka cha kaki. Yustina alibebwa kwa mbeleko ile, nami nikabebwa kwa hiyohiyo, mara nyingi mgongoni mwa Yustina mwenyewe mama alipokuwa shambani. Katika ukoo wa mama desturi ni kwamba binti wa kwanza anapozaa mara ya kwanza, mbeleko iliyombeba yeye hupelekwa alipo. Ikipelekwa kwa mume, basi wazazi wamekubali: binti ni wa huko, na mtoto ni wa huko, hakuna wa kwenda kudai. Ikibaki kwa wazazi, basi nyumba ile ya mume haijatambuliwa. "Mpe dada yako mkononi," mama aliniambia. "Baba yako asiione mpaka umeshampa. Umenielewa, Odi?" Nikasema nimeelewa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siku ile kata nilikuwa mimi. Nilichoelewa ni kwamba Baba amenichukua ili Yustina arudi, na mama amenipa kitu cha kumfanya abaki.

Ulikuwa mwezi wa sita lori lilipotufikisha kijiji cha mwisho cha ukingoni. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeng'oa daraja, na barabara ya kuteremkia ziwani haikupitika, kwa hiyo tulishuka kwa miguu hadi mtoni, na kesho yake asubuhi tukampata Mzee Sudi. Alikuwa mtu wa Kirando kule ziwani, mwembamba, mwenye kibaraghashia kilichogeuka rangi kwa jua, na mtumbwi wa gogo mrefu uliozibwa ufa wake kwa matambara yaliyopakwa lami. Alikubali kutuchukua hadi mlangoni mwa mto na kutuvusha hadi kisiwani kwa kina Ramadhani. Alimsalimia Baba kwa adabu, akautazama mtumbwi, akalitazama koti la Baba na viatu vyake vya ngozi. "Katekista," alisema, "humu tunakaa chini. Anayesimama anamsalimia kiboko." Baba akakaa. Mimi niliwekwa katikati, furushi miguuni, na kando yangu kopo la bati ambalo nililifurahia sana, nikidhani nimepewa la kunywea maji.

Sijawahi kuona tena msitu kama ule. Kwetu juu mti ni kitu cha kuhesabika: mkaratusi wa kanisani, mipera ya shuleni. Hapa mikuyu na mivule ilisimama pande zote mbili, matawi yamekutana juu ya maji, na mwanga ulioshuka ulikuwa wa kijani, umepoa, unacheza juu ya mikono yangu. Mbega weusi wenye mikia myeupe waliruka kutoka ng'ambo hadi ng'ambo juu ya vichwa vyetu bila kututazama mara mbili. Mdiria alitutangulia kutoka kijiti hadi kijiti, tukimfikia anaruka, kana kwamba ametumwa kutuonyesha njia. Kulikuwa na mbung'o waliouma hata kupitia koti la Baba, na vipepeo waliotua kwenye kofia ya Baba, naye hakuwafukuza. Mto uligawanyika mara kwa mara na kuzunguka visiwa vidogo vya ukindu na matete, na Mzee Sudi, akisimama nyuma na upondo wake, alichagua mkono wa kupita kwa kunusa tu, nijuavyo mimi. Alitukataza kumtaja mamba. Ukimwona, alisema, sema "mwenye nyumba." Tuliwaona wenye nyumba watatu wakiota jua kwenye tope, na Baba, aliyekuwa akikemea ushirikina kila Jumapili, alininong'oneza kwa sauti ndogo kabisa: "Mwanangu, tazama, mwenye nyumba." Nilicheka mpaka Mzee Sudi naye akacheka.

Tulilala kwenye kambi ya wavuvi juu ya kimojawapo cha visiwa vile, tukala migebuka wa kuchoma kwa ugali wa muhogo ambao Baba aliusifu kwa uungwana na hakuumaliza. Wakati tunakula alimuuliza Mzee Sudi, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, huyo Ramadhani ni mtu wa namna gani. Mzee Sudi alitoa miiba mdomoni kwanza. "Ni mtu anayerudi nyumbani," alijibu. Baba alisubiri jibu lingine na halikuja. Mimi niliegemea furushi langu nikifikiri. Nilifikiri hivi, na wazo hilo naliandika leo kama lilivyokuwa: mto ni mkubwa, na mizigo huanguka majini. Mbeleko isipofika, Yustina hatakuwa na kitu cha kumwambia kwamba ameruhusiwa kubaki. Atarudi na sisi. Tutalala wawili.

Siku ya pili ya mtumbwi, karibu na adhuhuri, mto ulijibana kati ya mawe na kutukimbiza. Mtumbwi ulikwaruza jiwe, nikasikia kitu kikipasuka chini yangu, matambara ya lami yakachomoka, na maji yakaanza kupanda. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kwa utulivu, kama mgeni asiyebisha hodi, yakafika vifundoni, yakaingia kwenye furushi. Baba alikuwa amekamata kingo zote mbili na kuanza Salamu Maria. Mzee Sudi hakuweza kuachia upondo. Angeuachia tungevunjika kwenye mawe. Akanipigia kelele mimi: "Weye binti, fua! Fua!"

Sasa msomaji wa pwani au wa ziwani atanicheka, na ana haki. Kwao kufua maji ni kuyatoa ndani ya chombo, na kila mtoto anajua. Lakini kwetu Ufipa hakuna mitumbwi. Kwetu kufua kuna kazi mbili tu, kufua nguo na kufua chuma, na babu zetu walikuwa wahunzi wenye sifa. Nilitazama huku na huku, nikaona hapana chuma mtumbwini. Basi ni nguo. Nikafungua furushi. Unga wa kimea ulikuwa umeshageuka uji mwekundu, na mbeleko imelowa uji ule wote. Nikaona huyu mzee ana macho makali kweli, ameona nguo inachafuka hata kabla yangu. Mzee Sudi akapaza tena, "Fua, mtoto, tunazama!" Sikuelewa kwa nini nguo chafu ituzamishe, lakini mtoto wa katekista hufanya anachoambiwa na mkubwa. Nikainama ukingoni nikaichovya mbeleko mtoni na kuanza kuifikicha, kwa bidii, kama mama alivyonifundisha, pindo kwa pindo.

Hapo ndipo kisa hiki huishia kinapochekesha, na nimekisimulia mara nyingi. Nyumbani kwetu mtu akielewa jambo kinyume huambiwa "umefua mbeleko." Lakini kulikuwa na kitu kingine, na hicho sijawahi kukisimulia. Nikiwa nafikicha, niliinua macho nikakuta Baba ameacha kusali. Alikuwa ameona. Aliitazama ile nguo, akanitazama mimi, na nikajua kwamba siri ya mama imetoka. Hasira niliyoingojea haikuonekana usoni pake. Alionekana mtu aliyechoka tu. Nikatazama mbeleko yangu, mbeleko ya Yustina, inavutwa na mkondo, nikakumbuka nilichofikiri kambini. Nikafungua vidole.

Ikaondoka. Ilijitandaza juu ya maji, ikazunguka mara moja, ikaanza kuteremka. Na Baba, mtu asiyejua kuogelea, aliyekuwa amekamata kingo kwa mikono miwili tangu asubuhi, aliziachia zote mbili akajitupa kifudifudi ukingoni na kunyoosha mkono hadi bega likazama. Mtumbwi ukalala upande. Maji yakaingia ndoo nzima. "Kaa, katekista! Kaa!" Mzee Sudi alipaza sauti. Baba akaidaka pindo, akaivuta, akaanguka nayo ndani ya mtumbwi, maji mpaka kiunoni. Hapo Mzee Sudi, kwa lugha ambayo hata mtu wa juu angeielewa, alitueleza maana ya kufua. Mimi nikashika lile kopo. Baba akavua kofia yake nyeusi ya Jumapili, ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuruhusiwa kuigusa, akafua nayo maji, mbeleko ameiviringa shingoni, mpaka tukaibukia penye mchanga tukaziba ufa upya.

Msitu ulikwisha ghafla. Mto ukatutema ziwani, na ziwa lilikuwa pana na la buluu hata nikakosa mahali pa kuweka macho. Furukombe alilia juu yetu. Muda wote wa kuvuka Baba alikaa na mbeleko mapajani, akiigeuza taratibu ili upepo uikaushe, wala hakuniuliza neno. Heri angenipiga. Kisiwa kilipokaribia tuliona wanawake wakianika dagaa mchangani, na mmoja wao, mwenye tumbo kubwa na mkono kiunoni, akasimama akaacha dagaa zimwagike kutoka kwenye ungo. Mzee Sudi alisukuma mtumbwi hadi nchi kavu. Baba alibaki amekaa kitambo, akiuangalia mchanga ule alioapa kutoukanyaga. Kisha akavua viatu, akaviweka ndani ya mtumbwi, akakanyaga.

Ramadhani alikuja mbio kutoka kwenye nyavu, akafika, akasimama mbali kidogo. "Shikamoo, baba," alisema. Watu wote kisiwani, naona, waliacha walichokuwa wakifanya. Nilihesabu mawimbi mawili yakija na kurudi. "Marahaba," Baba akajibu, kwa sauti iliyokauka. Akamgeukia Yustina, aliyekuwa akilia bila kujifuta, akamnyooshea mikono yote miwili na ile mbeleko juu yake. "Mama yako amekuletea hii," alisema. "Imelowa kidogo." Habari ya kumchukua hakuitamka, siku ile wala baadaye. Tulikaa siku tisa. Mtoto alizaliwa siku ya tano, msichana, akaitwa Zuhura kwao na Agatha kwetu, na nilikuwa wa pili kumbeba kwa mbeleko ile, ikinuka sasa maji ya mto na moshi wa samaki. Nilimpenda, na nilimwonea wivu, yote mawili kwa pamoja. Tulirudi wawili kama tulivyokuja. Juu ya lori, baridi ya Ufipa ilipoanza kuuma, Baba alivua koti lake lililokuwa halijakauka vizuri akanifunika.

Leo ukitaka kwenda kwa Yustina unapanda gari asubuhi na jioni unakula migebuka yake. Anapiga simu ya picha kutoka kisiwani, ananionyesha mawimbi, ananiuliza kama hapa Katandala, mtaa wetu wa Sumbawanga, bado tunatetemeka. Ule msitu wa mtoni niliupitia miaka michache iliyopita. Sehemu kubwa ni mashamba na malisho, na mimi silaumu mtu aliyetoka mbali na watoto na ng'ombe akitafuta pa kuishi, maana njaa haina baunsi wa kuizuia mlangoni. Lakini mto pale penye mawe niliuvuka kwa kukanyaga jiwe hadi jiwe, mwezi wa sita uleule, na viatu vyangu havikulowa. Nilisimama katikati nikatafuta mahali ilipopita mbeleko, nikaona mkondo wa upana wa kanga. Ilinisikitisha kuliko nilivyotegemea. Hofu yote ile na majuto yote yale, na pahali penyewe leo mtoto hawezi kuzamisha hata kijiko.

Baba alitutoka akiwa mzee sana. Krismasi moja, kati ya zile za mwisho, wajukuu walikuwa wamenilazimisha tena kusimulia kisa cha kufua, na watu wakacheka kama kawaida. Baadaye nilimkuta nje akiota jua ukutani, blanketi magotini. Aliniita karibu. "Odilia," alisema, "ile mbeleko haikuchukuliwa na maji. Uliiachia." Nilikuwa mwanamke wa makamo mwenye watoto, nikashindwa kumtazama. Akaendelea kwa upole, kama anayeungama yeye. "Na mimi niliona vidole vyako vikifunguka. Ningeweza kuidaka palepale. Niliiacha iende kwanza. Niliitazama inakwenda, na moyo wangu ulikuwa unasema, basi, Mungu ameamua." Nikamuuliza kwa nini basi aliifuata. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye pumzi chache. "Iligeuka," alisema. "Kile kiraka kikaja juu. Kaki ile ni suruali yangu ya kazi, niliyokuwa nimevaa usiku Yustina alipozaliwa. Mama yako aliikata bila kuniuliza."

Wiki iliyopita nimepokea kifurushi kutoka kisiwani, kimefungwa vizuri, kinanuka harufu ileile. Zuhura Agatha anatarajia mtoto wa kwanza, ameolewa mbali, nchi ya watu wengine, na mama yake ameniomba niitengeneze mbeleko kabla haijasafiri, maana kiraka kimeachia upande mmoja. Yustina hajui kilichotokea mtoni, na bado sijaamua kama nitamwambia. Asubuhi hii nimejaza beseni uani, nimeweka sabuni, nimekaa kwenye kigoda na upepo wetu huu usiochoka. Maji ya bomba la Katandala hayana mkondo, wala hayana pa kwenda. Hata hivyo naifua kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nimeshikilia pindo.